"Mnyama hasomi boksi": wakuu, huyu bwana wa kaunta atatujazia majeruhi porini

Koroboi (mleta uzi)
Wakuu, nimetoka pale duka la risasi sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa kaunta mnamjua wote, wa kalamu sikioni. Naulizia softi, risasi za ncha laini, za bunduki yangu ya .30-06, uzito greni 180, za pala na kongoni. Anasukuma boksi la solidi. Namwambia bwana, hizi ni solidi. Hata uso hainui: "Chukua tu, mnyama hasomi boksi."

Mnyama hasomi boksi!

Huyu ukimtuma sindano atakuletea mkuki, akwambie vyote vinachoma. Solidi ina koti gumu la nje mpaka puani, haifunguki. Inaingia milimita 7.8, inatoka milimita 7.8, na pala anaondoka kama kaumwa na siafu. Tone la damu hapa, jingine hatua ishirini mbele, mnafuata mpaka jua linazama. Softi ya maana ikigonga inachanua kama uyoga, karibu mara mbili ya upana wake, na mapafu yamekwisha hapohapo. Halafu pala hasimami peke yake. Solidi inampita dume, inampata jike aliyejificha nyuma. Kibali cha mmoja, majeruhi wawili. Mnyama hasomi boksi, lakini askari wa wanyamapori anasoma kibali!

Solidi ina kazi yake kwa tembo na nyati, kwenye mfupa mnene, na huko sheria yenyewe inataka bunduki ya .375 kwenda juu. Siyo pala wa kilo 60!

Eti hasomi boksi. Na kalamu yake sikioni.

PuaBapa
Mkuu, una bunduki na makaratasi yote, unasubiri kusomewa pua ya risasi? Softi ncha yake ya kijivu, kiini laini cha ndani kimechungulia nje ya koti la shaba. Solidi shaba tupu, pua ya mviringo. Ukiona kitundu kama cha sindano, mara nyingi hiyo ni ya mashindano ya shabaha, porini usiipeleke: leo inafunguka, kesho inapita kama msumari. Kuangalia ni sekunde tatu. Uzi mzima huu wa nini?

Koroboi
Niliiangalia! Ndiyo maana nikamrudishia. Ndipo akasema mnyama hasomi boksi!

MamaKongoni
Kaka Koroboi pole, lakini hiyo "softi, softi" yako nayo ni nusu ya habari. Softi ya koti jembamba ukiipiga kwenye bega la kongoni kichakani, mita 30, inasambaratika juu ya mfupa. Unakuta donda kubwa kama sahani, nyama nyeusi ya damu, na mapafu mazima. Hapo risasi bado ina kasi ya mita 800 kwa sekunde. Watu wanadhani karibu ndiko rahisi, kumbe karibu ndiko risasi inakopata mateso. Kwa bega tafuta ambayo koti na kiini vimeunganishwa, au Nosler Partition, ile ya tangu 1948 yenye ukuta wa shaba katikati: mbele inachanua, nyuma inabaki nzima na kuendelea kuchimba.

Risasi ya shaba tupu inayochanua, kama Barnes TSX, haipotezi uzito, ila inataka mwendo. Ikifika imechoka haichanui vizuri. Kwa hiyo shuka greni 165 au 150 upate kasi, usikomae na 180.

Na lengeni usawa wa mguu wa mbele, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Moyo wa swala uko mbele kuliko mnavyodhani. Mkirudi nyuma sana ya bega mnapata utumbo, halafu lawama kwa risasi.

Gari la Mkaa
Mleta uzi kalia mpaka betri ya simu yangu imeisha. Kubwa kuliko hilo ni boksi zilizofunguliwa na kuchanganywa, 150 na 180 pamoja. Mita 100 zinaachana sentimita kadhaa, mtu anageuza vifundo vya darubini siku nzima. Mzigo mpya, piga tatu kwanza. Kwa softi ya greni 180, zikikaa sentimita 5 hadi 6 juu ya alama kwenye mita 100, mita 200 uko katikati.

PuaBapa
Vifundo havina kosa. Ni skrubu za vishikio vya darubini! Futa mafuta kwa spiriti, kaza kwa kupishana, si upande mmoja mpaka mwisho. Na kausha mtutu: risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta inakwenda inakotaka.

Koroboi
Wakuu turudi kwenye mada. Yule bwana kasema mnyama hasomi…

Gari la Mkaa
Kupishana umekaza kwa bisibisi ipi? Za duka la baiskeli zinakula vichwa vya skrubu.

MamaKongoni
Na mikanda ya ngozi mnayohifadhia risasi mwaka mzima je? Ngozi inatoa kutu ya kijani kwenye ganda, ganda linakwama kwenye chemba ya bunduki, tena wakati mnyama kasimama. Zikae kwenye boksi lake, pakavu.

PuaBapa
Mkanda wa ngozi unapakwa nta, dada. Nani kakwambia tatizo ni ngozi?