Tupeane uzoefu: ulisikia nini kwenye onesho la muziki wa kantri ambacho kaseti haikuwahi kukupa?

KARANI MSTAAFU (Arusha)

Ndugu wapenzi wa muziki wa kantri, ule wa vijijini Marekani, mlioko Arusha, Moshi na vitongoji vyake, kila tunapokutana tunazungumzia waimbaji na nyimbo, lakini ni nadra kusimuliana habari za usiku wenyewe wa onesho. Wengi wetu tuliupata muziki huu nyumbani, kupitia redio na kaseti za wazazi, na waimbaji tuliowapenda kuliko wote hatukuwaona na hatutawaona. Jim Reeves alikufa tarehe 31 Julai 1964, kwa ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe karibu na Nashville, lakini santuri zake mpya ziliendelea kutoka kwa miaka mingi hata baadhi ya wazee wetu wakaamini kwamba yu hai. Don Williams alifariki Septemba 2017, Kenny Rogers Machi 2020, na Charley Pride Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo tunapokwenda kwenye onesho hapa kwetu tunakwenda kumsikiliza mtu mwingine akiimba nyimbo za marehemu, na swali langu ni hili: ulisikia nini usiku huo ambacho kaseti haikuwahi kukupa, na ulikosa nini?

Naanza mimi. Onesho lililonikaa moyoni lilifanyika katika bustani ya hoteli moja upande wa Njiro, mwezi wa Julai, katika ile baridi yetu ambayo humfanya mtu avae koti juu ya sweta na bado akatafuta meza iliyo karibu na jiko la nyama. Bendi ilitoka Nairobi. Tangazo lilisema saa moja jioni, nami nilifika mapema zaidi ili nipate kiti cha mbele, nikakaa na mafundi mitambo peke yao mpaka saa tatu. Sikujutia kungoja huko, kwa sababu ndipo nilipoliona gita ambalo nilikuwa nimelisikia tangu utotoni bila kujua linapigwaje: limesimama kwa miguu kama meza, mpigaji ameketi mbele yake, anakanyaga pedali, anasukuma nyenzo kwa magoti, huku mkono wa kushoto ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Kwenye kaseti ile sauti ya kulia ilikuwa ikitokea tu nyuma ya mwimbaji, kana kwamba haina mwenyewe. Pale nilimwona mwenyewe, kijana mwembamba aliyekuwa akipuliza vidole vyake ili vipate joto, na sijawahi kumwona tena mpigaji wa gita hilo hapa mjini.

Jambo la pili lilikuwa watu. Walikuwapo madereva wa watalii, wenye maduka, wastaafu kama mimi, na vijana waliorithi nyimbo hizi kwa wazazi wao. Karibu hakuna aliyecheza. Wote waliimba, mstari kwa mstari, kila mmoja kwa Kiingereza alichokiokota redioni, na palipokuwa na neno lisiloeleweka kila meza iliimba la kwake. Kwangu mimi nyimbo hizi zilikuwa za mtu mmoja na redio yake. Kuzisikia zikitoka katika vinywa vya bustani nzima kulinishtua kidogo, na kwa dakika kadhaa niliona wivu, kama mtu aliyegundua kwamba barua yake ya siri ilisomwa na kijiji kizima.

Kisha likatokea jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Katikati ya onesho mwimbaji aliuchukua mmoja wa nyimbo za Don Williams, mtu aliyesifika kwa utulivu wake jukwaani, akauongezea mwendo na ngoma nzito ili watu wainuke. Baadhi waliinuka kweli. Mzee mmoja aliyekuwa meza ya pembeni aliweka glasi chini, akamwambia mhudumu, kwa sauti ya kusikika, kwamba akamwambie huyo kijana arudi barabarani. Mimi nilisimama upande wa mzee usiku ule, na leo bado niko upande wake, ingawa si kwa uthabiti ule wa awali. Mna maoni gani?

FUNDI MITAMBO (Kaloleni)

Nimefunga mitambo ya sauti katika kumbi nyingi za Arusha, kwenye harusi, sendofu, kipaimara na mikutano ya injili, na ninaweza kusema kwamba hakuna muziki unaoharibiwa na fundi kwa urahisi kama kantri. Fundi aliyezoea Bongo Fleva au singeli anafika, anapandisha besi kabla hata ya kumsikia mwimbaji, na usiku umekwisha. Nyimbo hizi zinasimama juu ya sauti ya mtu na maneno yake. Mwaka 1957 Jim Reeves aliacha kuimba kwa sauti ya juu kama alivyokuwa akifanya awali, akaishusha na kusogeza midomo karibu kabisa na maiki, na Chet Atkins, aliyesimamia rekodi zake, akaona kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Ala zilirudishwa nyuma ili zimpishe. Ule ukaribu mnaousikia kwenye kaseti, kana kwamba anakunong'oneza wewe peke yako, ulitengenezwa kwa maiki na umbali, na jukwaani mtu huyo yuko mita nyingi kutoka kwako, upepo unavuma, na meza ya nyuma wanabishana kuhusu bili.

Niliwahi kukaa kama msikilizaji kwenye onesho ambalo fundi wake, simtaji, alifunga spika zote mbele ya jukwaa na kuzifungulia mpaka mwisho. Waliokaa mbele waliziba masikio, waliokaa nyuma hawakupata neno hata moja, na watu waliolipa viingilio vyao wakaanza kupiga kelele za kutaka besi ipunguzwe. Dawa yake ni ndogo: spika ndogo nyingi zilizosambazwa bustanini badala ya kubwa mbili, ngoma zipigwe kwa vifagio badala ya vijiti, na gita la besi lisikike bila kutikisa meza. Kwa hiyo, Karani, kabla hujamhukumu mwimbaji wako kwa kuongeza mwendo, uliza kama alikuwa akijisikia mwenyewe pale jukwaani. Mwimbaji asiyejisikia hukimbia, na anayekimbia huomba ngoma zimfuate.

MAMA WA KIBORILONI (Moshi)

Mimi onesho langu halikuwa la hotelini. Lilikuwa katika ukumbi wa usharika wetu, wiki ya kuelekea Krismasi, wakati ambapo Moshi hujaa watu waliorudi nyumbani na magari yenye namba za kila mkoa yanapanda mlimani. Vijana walitayarisha jioni ya nyimbo za kantri ili kuchangia paa. Nyote mnajua kwamba Desemba katika Kilimanjaro haina ukamilifu bila Jim Reeves. Albamu yake ya nyimbo za Krismasi ya mwaka 1963 inapigwa madukani, kwenye mabasi na majumbani mpaka watoto wanaijua kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo tulitarajia hiyo, na tuliipata.

Ambacho hatukutarajia ni binti mmoja wa kwaya aliyesimama na gita, akatangaza kwamba ataimba wimbo wa Dolly Parton wa mwaka 1971, ule unaosimulia koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya nguo kwa kuwa hawakuwa na fedha, na jinsi watoto shuleni walivyomcheka. Kaseti za baba yangu zilikuwa za wanaume watupu. Nilikuwa nimelisikia jina la Dolly Parton, lakini sikuwa nimemsikiliza kwa makini, na sikujua kwamba ni mtu wa milimani kama sisi, aliyezaliwa mwaka 1946 katika milima ya Tennessee, katika familia ya watoto kumi na wawili. Binti aliueleza wimbo kwanza kwa Kiswahili, ndipo akaimba. Kabla hajafika nusu, akina mama walikuwa wameshaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda kumtunza, kama tunavyofanya harusini, noti zikawekwa mkononi, kwenye kamba ya gita, na nyingine kifuani, naye akawa haelewi aendelee kupiga au azipokee. Mpigaji wa besi aliendelea kuzungusha noti zilezile za muziki mpaka foleni ikaisha. Wimbo wa dakika tatu ulichukua karibu robo saa. Kama hilo ni kuharibu wimbo, Karani, basi uharibiwe kila mwaka, maana mabati ya upande mmoja yalitoka humo.

MFUGAJI WA MONDULI

Nilikwenda mara moja, nikawakuta watu wa mjini wamevaa kofia pana na buti za wachunga ng'ombe wa Marekani, na wote walinitazama mimi mwenye shuka na fimbo kama niliyekosea mlango. Nilitokea mnadani Meserani na harufu ya ng'ombe ilikuwa bado nami, kwa hiyo nadhani palepale mimi ndiye niliyekuwa nimevaa ipasavyo. Ambacho sikukisikia usiku kucha ni wimbo wowote unaomhusu ng'ombe. Waliimba mapenzi, barabara, mama na pombe. Nilifurahi, lakini naandika ili ijulikane.

MZEE WA NGARENARO

Nadhani mzee anayesimuliwa na Karani ni mimi, kwa kuwa nilikuwapo Njiro na maneno hayo niliyasema. Sikumaanisha kwamba mtu asibadilishe kitu. Ninaposikiliza mwendo wa polepole wa Don Williams ninapata nafasi ya kulielewa neno moja kabla ya jingine kuja, kwa sababu Kiingereza changu nilijifunzia ukubwani. Yule kijana alipoharakisha, maneno yalinipita. Waliosoma sana hawalioni jambo hilo.

KARANI MSTAAFU (Arusha)

Shikamoo mzee wangu, na karibu sana. Maelezo yako yamenipa sababu ambayo mwenyewe sikuwa nayo. Mimi nilikutetea kwa mazoea tu. Mfugaji, hoja yako nimeicheka, na wala siwezi kuipinga.

MWALIMU WA PASUA (Moshi)

Kwangu kilichozidi kaseti kilikuwa maneno ya mwimbaji kati ya wimbo na wimbo. Marehemu baba alikuwa na kaseti ya Charley Pride iliyonakiliwa, isiyo na ganda wala picha, na nyumbani kwetu alihesabiwa miongoni mwa waimbaji wa Kizungu bila mjadala. Nilipokuwa kwenye onesho mjini Arusha, mwimbaji alisimama kabla ya wimbo wake akatueleza kwamba Charley Pride alikuwa mtu mweusi, mtoto wa wakulima wa pamba huko Sledge, Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1934 na kucheza besiboli katika ligi za watu weusi kabla ya kuimba, na kwamba rekodi zake za mwanzo zilipelekwa kwenye vituo vya redio bila picha, ili zisikataliwe kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1971 alitunukiwa tuzo ya mtumbuizaji bora wa mwaka wa chama cha muziki wa kantri. Ukumbi ulinyamaza, kisha pakawa na minong'ono, maana inaonekana nyumba nyingi zilikuwa na kaseti kama ya baba.

Aliongeza kwamba hata banjo, ambayo watu huiona ni ala ya Wazungu wa vijijini, chimbuko lake ni ala za Waafrika waliochukuliwa utumwani. Wimbo uliofuata niliusikiliza kwa masikio mengine kabisa. Kwa maoni yangu mwimbaji anayejua habari hizi na akazisimulia kwa ufupi ana haki ya kubadilisha mwendo anavyotaka, kwa kuwa ameonesha kwamba anajua anachokibadilisha. Wengi hawajui. Wanaimba tu yale ambayo baa inayataka.

KIJANA WA MIANZINI

Nawaheshimu wazee wote hapa, lakini naomba kuuliza swali ambalo naona linakwepwa. Nairobi kuna Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, aliyejijengea jina kwa kuimba kantri, na watu wanavuka mpaka wa Namanga kwenda kumsikiliza. Sisi tuna milima, ng'ombe, treni, mabasi ya usiku, mama walioachwa kijijini na vijana waliokwenda mjini, yaani kila kitu ambacho nyimbo hizi zinakiimba, lakini kwenye kila onesho nililohudhuria hapa zinarudiwa nyimbo zilezile za kabla sijazaliwa. Mimi ninapiga gita na nimetunga nyimbo chache za namna hiyo kwa Kiswahili. Nilipoomba nafasi ya wimbo mmoja tu, mwandaaji aliniambia wateja wake hawakulipia kusikia mambo mapya. Je, mngenisikiliza?

MZEE WA NGARENARO

Ukiimba polepole, ndiyo.

MAMA WA KIBORILONI (Moshi)

Mwanangu, njoo Moshi, ni kilomita kama themanini tu. Vijana wa usharika wanaanza mazoezi ya jioni ya mwaka huu, na yule binti anatafuta mtu wa kupiga gita la pili ili mikono yake ibaki huru akina mama watakapokuja kumtunza. Wimbo mmoja wako hautakosa nafasi, mradi unafaa kuimbwa mbele ya mchungaji.

KIJANA WA MIANZINI

Nashukuru, mama, na shikamoo. Wa pombe nitauacha nyumbani. Ninao mmoja kuhusu basi la usiku. Fundi, gita langu ni la nyuzi za nailoni, je, litafaa?

FUNDI MITAMBO (Kaloleni)

Hapana. Sauti yake ni laini na itafunikwa na la mwenzako, na usijaribu kulifunga nyuzi za chuma, kwa kuwa zinavuta kwa nguvu na zitaling'oa daraja, yaani kile kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya kasha. Azima gita la nyuzi za chuma, fika saa moja kabla ya wengine, na mwambie fundi wa huko asiguse besi mpaka umalize kuimba ubeti wa kwanza.