Naomba ushauri kuhusu upasuaji wa saratani adimu ya tumbo

Ndugu zangu, dada yangu amegundulika kuwa na uvimbe wa kidole tumbo uliopasuka na kumwaga ute mzito kwenye utando wa ndani wa tumbo, ugonjwa ambao madaktari huuita pseudomiksoma. Daktari anapendekeza upasuaji wa saa nyingi wa kuondoa uvimbe wote unaoonekana, pamoja na bandama na sehemu ya utumbo ikibidi, kisha tumbo lioshwe kwa dawa ya kemotherapia yenye joto la nyuzi 41 hadi 43 kwa dakika 60 au 90. Ninavyoelewa, matokeo hutegemea zaidi iwapo uvimbe umeondolewa wote, au mabaki hayazidi milimita 2.5, na ndiyo maana uzoefu wa timu ya wapasuaji unanitia wasiwasi kuliko dawa yenyewe.

Naomba waliouguza mgonjwa wa namna hii wanieleze walimwuliza mpasuaji nini kabla ya kukubali, na nguvu zilirudi baada ya muda gani. Dada, ambaye sasa hushiba kwa vijiko vichache tu, anaulizia zaidi mfuko wa choo, ule unaobandikwa tumboni kupokea kinyesi utumbo ukikatwa: je, kwenu ulikuwa wa muda au wa kudumu?