Kuna mtu kabonyeza rimoti filamu ikiwa MWISHONI KABISA na hata samahani hakuna

Kiti cha Dirishani:
Wakuu naandika huku mikono inatetemeka na msidhani ni baridi, ingawa baridi nayo ipo, theluji nje imefika magotini na ndiyo iliyoniponza, maana nilitaka kuondoka kwa hasira nibamize mlango waujue uzito wa jambo lenyewe, lakini msimu huu huwezi kuondoka kwa hasira jamani, uvae soksi ya pili, suruali ya ndani, sweta, koti, skafu, kofia, ufunge kamba za buti, utafute glavu ya mkono wa pili, ukimaliza hapo wenzako wameshalala. Basi nimejifungia chumbani.

Mnamjua. Jina sitaji na hamna haja. Ni yuleyule anayeingia na mabuti yake mpaka katikati ya kapeti, yule anayesimama mlangoni robo saa anaongea na simu mlango wazi joto lote la hita linaenda kupasha moto barabara. Huyohuyo. Na leo amevunja rekodi yake mwenyewe.

Leo ilikuwa zamu yangu kuchagua filamu. Kila mtu alijua. Nikaweka 12 Angry Men, ile yenyewe ya 1957 ya Sidney Lumet, nyeusi na nyeupe, na kwangu mimi haijatengenezwa filamu nyingine ya kuifikia, anayebisha abishe. Wajumbe kumi na wawili wa baraza la mahakama wamefungiwa chumba kimoja, joto la kufa mtu, feni imegoma, mashati yamegandana na migongo, wanatakiwa waamue kama kijana mmoja kamuua baba yake. Wakipiga kura ya kwanza kumi na moja wanasema ana hatia, mmoja tu, Henry Fonda, anasema hapana, kwanza tuongee. Basi. Hakuna gari linalolipuka, hakuna kufukuzana, ni dakika 96 za watu kuongea na wewe umekaa ukingoni mwa kochi umesahau hata kupumua. Na kwa kipindi hiki ndiyo filamu ya kuangalia, nje saa kumi jioni giza tii, wewe unatazama watu wanajifuta jasho mpaka unaanza kulegeza skafu.

Sasa sikilizeni. Tumefika mwisho. Wote wameshahama, kabaki mjumbe namba tatu peke yake, yule mkali, Lee J. Cobb. Anafoka, anawanyooshea vidole, halafu anaiona pale mezani picha aliyopiga na mwanawe. Anaikamata. Anaichana. Na hapo uso wake unaanza kubomoka, unaona kabisa kwamba kumbe muda wote hakuwa na ugomvi na yule mshtakiwa, ugomvi wake ni na mtoto wake wa kumzaa, mdomo unafunguka, anataka kusema lile neno ambalo filamu nzima tumelisubiri...

PAP.

Mpira.

Kabonyeza rimoti wakuu. KABONYEZA RIMOTI. Mdomo wa yule mzee uko wazi, neno halijatoka, mtu ananyoosha mkono anachukua rimoti anabonyeza eti "ngoja kidogo nimekumbuka kitu, si mlibisha jana." Anatuwekea klipu ya Suárez wa Uruguay akiuzuia mpira wa Ghana kwa mkono, Kombe la Dunia la 2010, eti kuthibitisha kwamba ule mkono ulikuwa akili na siyo dhambi. Klipu imekuwepo miaka yote hiyo! Ingekuwepo na kesho! Ingekuwepo baada ya dakika tatu!

Nikamwambia rudisha. Ananiangalia, halafu anasema mbele ya watu ambao hawajawahi kuiona: "Si anaachiwa huyo kijana, kwani kuna nini tena?"

Yaani kwanza kabonyeza, halafu kamalizia. Mimi nimemvumilia mabuti, nimemvumilia mlango, nimevumilia kukoroma kunakotikisa vioo mpaka theluji inaporomoka paani, lakini mdomo wa yule mzee ulikuwa WAZI. Mtu mwenye moyo hawezi kubonyeza pale. Kidole chenyewe kinakataa.

Kofia ya Sufi:
Hahaha hapo pa kuvaa soksi ili ukasirike vizuri umeua mkuu. Pole sana. Huyo namjua, ndiye aliyenisimulia muuaji ni nani tukiwa bado tunaangalia majina mwanzoni.

Mpiga Filimbi:
Mistari yote hii kwa sababu ya rimoti? Kuna kitufe cha kurudisha nyuma, bonyeza, mzee wako atasema neno lake, lala. Watu wazima mnatutia aibu.

Kiti cha Dirishani:
@Mpiga Filimbi hujaelewa na nadhani filamu hiyo hujaiona. Ukirudisha nyuma unaipata picha, ile hali huipati. Ile hali inajengwa saa moja na nusu, kura moja moja, kumi na moja kwa mmoja, mpaka sita kwa sita, mpaka yule mzee anabaki peke yake kapigwa mgongo na wote. Huwezi kuirudisha kwa kitufe. Mdomo ulikuwa wazi!

Mwanafunzi wa Usiku:
Samahani, mimi filamu hiyo nilikuwa nimeiweka niiangalie wikendi hii. Sasa mleta uzi unamlalamikia mtu kwa kumaliza hadithi halafu na wewe umemwaga mtama wote hapa, mpaka picha ya mtoto. Nifanye nini na wikendi yangu?

Kofia ya Sufi:
Hahahaha mwisho wa uzi.

Kiti cha Dirishani:
Filamu ya 1957 hiyo! Karibu miaka 70! Iangalie tu, utaniambia. Utamu wake hauko kwenye nani anaachiwa, uko kwenye zile nyuso. Na mimi sikubonyeza rimoti yako.

Baba Rangi:
Mimi nyeusi na nyeupe huwa nasinzia. Kuna ile ya 1997 yenye rangi, Jack Lemmon na George C. Scott, hadithi ileile, tafuta hiyo uache kuteseka.

Kiti cha Dirishani:
Nimeisoma hiyo nikaweka simu chini nikatembea chumba kizima.

Tuzo Zimenikera:
Ila tukisema kuhusu dhuluma, hiyo filamu ilipelekwa Oscar kwenye vipengele vitatu, filamu bora, mwongozaji na uandishi, ikaondoka mikono mitupu, vyote vikaenda The Bridge on the River Kwai. Hilo ndilo la kulilia uzi mzima, siyo rimoti.

Beki Tatu:
Mimi niseme ukweli, kwa Suárez jamaa yuko sahihi. Sheria inasema kuzuia goli kwa mkono makusudi ni kadi nyekundu na penati. Akapewa kadi nyekundu. Ghana wakapewa penati. Mpigaji wao Gyan akagonga mtambaa wa panya. Sasa Suárez kosa lake liko wapi? Alilipa yote.

Jabulani:
@Beki Tatu usinianzishe. Usinianzishe kabisa. 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali, dakika ya 120 imeshapita, kichwa cha Adiyiah wa Ghana kinaingia WAVUNI, siyo kipa wala beki, ni mshambuliaji kasimama mstarini anapangua mpira kwa mikono miwili. Afrika nzima ilikuwa imeshasimama. Ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ikabidi tungoje mpaka Morocco 2022. Halafu Gyan anakosa, na yule aliyetolewa yuko mlangoni mwa vyumba vya kubadilishia nguo anashangilia! Anashangilia! Huko ndiko kulipa?

Beki Tatu:
Gyan alikosa, Suárez hakumkosesha. Na kwenye matuta Gyan huyohuyo akafunga ya kwake, wakakosa Mensah na Adiyiah, 4-2. Lawama zipeleke huko.

Jabulani:
Kwenye raga mtu akizuia kihalifu alama zilizokuwa zinaingia, refa anazitoa tu. Mpira wa miguu ungekuwa na sheria hiyo Uruguay wangepanda ndege usiku uleule. Mpira ulishavuka roho zetu wote.

Mpiga Filimbi:
Si mlishalipiza lakini? 2 Desemba 2022, Uruguay wanawafunga Ghana 2-0 na bado wanatolewa kwa sababu Korea Kusini kamfunga Ureno, Suárez yuko benchi jezi usoni analia. Mimi nilifurahi.

Jabulani:
Na sisi si tulitolewa pia siku hiyohiyo! Ayew naye penati akakosa! Nilifurahi huku nalia, sijawahi kuchanganyikiwa vile.

Shamrogi:
Mnaongea mkono wa Suárez ambaye angalau alionekana akatolewa. Thierry Henry wa Ufaransa je? 18 Novemba 2009, Stade de France, mchujo wa kwenda Kombe la Dunia, kaupapasa mpira kwa mkono, kaupapasa tena, kampa Gallas, goli, Ireland kwaheri. Hakuna kadi, hakuna penati, hakuna chochote. FIFA wakaja kuwalipa chama chao cha soka euro milioni 5 wanyamaze wasiende mahakamani, na sisi tukaja kujua 2015. Hiyo ndiyo kashfa. Ghana walipewa penati yao.

Jabulani:
PENATI SIYO GOLI.

Kiti cha Dirishani:
Jamani naomba turudi kwenye rimoti. Ninachosema mimi ni kwamba huyu mtu alikuwa na usiku mzima wa kuonyesha hiyo klipu. Akachagua sekunde ileile. Yule mzee kashika vipande vya picha mkononi.

Barafu Nyeusi:
Hamna kashfa ya michezo kuifikia ya wale dada wa kuteleza kwenye barafu, 6 Januari 1994, Nancy Kerrigan katoka mazoezini Detroit kapigwa rungu juu ya goti, kumbe mpango umesukwa na watu wa upande wa mpinzani wake Tonya Harding. Wiki saba baadaye wote wawili wako Olimpiki ya Lillehammer. Kerrigan kachukua fedha, Harding kamba ya kiatu imekatika, kapandisha mguu mezani kwa majaji analia. Nendeni mkaangalie I, Tonya, mtanishukuru. Mama mtu mle ndani alipewa Oscar na alistahili, na baridi ile ya nyumba isiyo na upendo unaisikia mpaka mifupani.

Tuzo Zimenikera:
Allison Janney. Hiyo tuzo ndiyo pekee iliyonipa usingizi mwaka ule. Ila kwangu filamu yenyewe inamcheka sana yule binti, kuna mahali anapigwa ndani ya nyumba na sisi tunaletewa muziki wa kuchangamka, sikupenda.

Barafu Nyeusi:
Si ndiyo maana ni nzuri. Inakufanya ucheke halafu ujichukie.

Mama wa Hita:
Mimi nimekuja kwa ajili ya yule wa mlango. Mleta uzi umepita haraka sana hapo. Mtu kuacha mlango wazi kwenye baridi ya chini ya sifuri ni kosa kubwa kuliko rimoti na kuliko Suárez. Nyumba inachukua jioni nzima kupata joto na dakika moja kupoteza. Wangu mimi akiingia anaanza "mbona kuna baridi humu." Wewe! Baridi umeingia nayo!

Soksi Mbilimbili:
@Mama wa Hita huyo ana nafuu, wangu anakung'uta theluji ya kofia NDANI. Halafu inayeyuka, na mimi napita na soksi. Hakuna uchungu duniani wa soksi kavu kukanyaga kidimbwi cha maji baridi ukiwa umeshajiandaa kulala.

Kofia ya Sufi:
Na cheche je? Hewa ya hita imekauka, umevaa sufi, unagusa kitasa, TAA. Jana nimemsalimia mtu kwa mkono tukaruka wote wawili.

Mwanafunzi wa Usiku:
Simu zenu zinawazimikia nje? Yangu inatoka ndani na chaji nusu, nikifika kituoni imekufa, nikirudi ndani ikipata joto inafufuka na chaji yake ileile.

Barafu Nyeusi:
Ni baridi, betri za lithiamu zinazubaa. Iweke mfuko wa ndani ya koti karibu na mwili. Usiichaji ikiwa bado ya baridi, iache kwanza ipate joto la chumba, utaiharibu.

Kiti cha Dirishani:
Kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeona tatizo la kubonyeza pale?

Mama wa Hita:
Tunaona mkuu, pole. @Soksi Mbilimbili wewe ile michirizi myeupe ya chumvi ya barabarani kwenye buti unaitoaje? Za ngozi. Nimefuta na maji yamekauka yakarudi vilevile.

Soksi Mbilimbili:
Maji na siki kidogo, kitambaa laini, futa polepole usiloweshe. Halafu usizianike juu ya hita, ngozi itapasuka. Jaza magazeti ndani uziache mbali na moto.

Jabulani:
Na mikono MIWILI jamani. Angekuwa kanyanyua mmoja kwa bahati mbaya ningesema sawa.

Mama wa Hita:
Siki nyeupe au yoyote?

Soksi Mbilimbili:
Nyeupe. Ile nyingine itakuachia doa.