Watoto wa Bi Mkubwa – Tanga na Kwingine

*Da Zai 05:52*
Assalaam aleikum. Jana Mama kapimwa kliniki. Kilo 44. Mwezi wa tatu alikuwa 52. Alhamisi anarudi kwa afisa lishe, natafuta mwenye gari.

*Kaka Omari 06:40*
Sawa

*Da Zai 06:41*
Sawa nini Kaka?

*Baba Nuru 07:15*
Uzee huo Da Zai. Hata Baba aliisha hivyohivyo.

*Da Zai 07:17*
Uzee haukati kilo 8 kwa miezi sita. Tumeambiwa mtu akipungua zaidi ya kilo 1 katika kila 10 ndani ya muda huo, bila kutaka, si wa kungojewa. Mkono umebaki ngozi. Na fizi zimesinyaa, meno ya bandia yanacheza mdomoni, ndiyo maana nyama anatafuna anatema. Sisi tunasema anadeka.

*Sele Muscat 08:30*
Mtundikieni dripu ya nguvu, natuma hela

*Da Zai 08:33*
Nimeuliza. Lita nzima ya ile ya glukosi asilimia 5 ina sukari gramu 50 tu. Haishindi chapati moja.

*Kibwana 08:34*
Basi atundikiwe chapati 😂

*Baba Nuru 08:36*
Ya Mama Nuru au ya kununua? 😂😂

*Mama Nuru 08:37*
Nawaona.

*Sele Muscat 08:50*
Hela kwa nani?

*Kaka Omari 08:51*
Kwa Zai, kama zile za bati.

*Da Zai 08:51*
Bati tena? Nyumba inavuja?

*Kaka Omari 08:55*
Upande wako haivuji.

*Kibwana 08:56*
_Ujumbe huu umefutwa_

*Da Zai 09:20*
Mama Nuru, uji uwe mzito, si ule maji matupu unaomjaza tumbo. Tia maziwa, karanga za kusaga, yai, kijiko cha mafuta. Kidogo kidogo, mara tano sita kwa siku. Na aketishwe, akilishwa amelala atapaliwa.

*Mama Nuru 09:41*
Si nyie mlioniambia ana sukari na presha, nisimpe mafuta, chumvi, wala wali? Nimefuata.

*Da Zai 09:44*
Kweli tulisema. Sasa wanasema masharti yalegezwe, daktari azitazame dawa upya, ale kwanza.

*Mama Mdogo 20:10*
Nimesomewa yote. Mnahesabu kilo. Dada yangu hajawahi kula peke yake tangu tukiwa wadogo. Kila nikija nakuta sahani imefunikwa kawa, imepoa, mlango mmerudisha. Nani kati yenu amekaa naye mkekani tangu Idi? Alhamisi nakwenda naye mimi. Gari lisipokuwepo tutapanda bajaji.

*Baba Nuru 21:32*
Shikamoo Mama Mdogo. Tumekusikia.

*Sele Muscat 21:33*
Shikamoo Mama Mdogo

*Kibwana 21:40*
Shikamoo Mama Mdogo 🙏

*Da Zai 21:58*
Kwa hiyo gari?

*Baba Nuru 22:15*
Langu tairi bovu. Tutaangalia.

*Da Zai 22:16*
Kaka Omari?

*Rehema 23:47*
Shikamooni, ndiyo naingia. Alhamisi hii au ijayo? Nina blenda hapa haitumiki, niilete?