Mliokulia nyumba yenye dini mbili: huyo Mungu mmoja mlielezwaje? Tupeane uzoefu

Kibao Kata:
Wakuu, salaam. Leo asubuhi nimempeleka mwanangu shule, nikawakuta wanaimba wimbo wa taifa mstarini. Jioni ananiuliza, "Baba, Mungu anayeombwa aibariki Tanzania ni wa bibi wa Pangani au wa bibi wa Ndanda?" Mimi Mwislamu, mama yake Mkatoliki. Tulioana bomani kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kila mtu akabaki na yake. Nikamwambia Mungu ni mmoja, nenda kalale. Yeye kalala, mimi niko macho. Nyie mlijibiwaje?

Mama Wawili:
Babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa madrasa, babu mzaa baba mzee wa kanisa. Ramadhani tulifunga mpaka saa sita mchana, futari tukala yote. Sikuwahi kuuliza, nilikuwa nashiba.

Jongoo Mbio:
Kwetu mbuzi wa Krismasi huchinjwa na mjomba Mwislamu, la sivyo nusu ya ukoo hawagusi. Kitimoto kina sufuria yake na hupikwa kwa jirani.

Mgagaa Upwa:
Hapo ndipo mnapochanganya mambo. Mungu mmoja sawa, ila Mungu hana mwana. Suratul Ikhlas, aya nne tu, kesi imeisha.

Jongoo Mbio:
Nani kakwambia sisi tuna watatu? Soma Kumbukumbu la Torati 6:4. BWANA ndiye mmoja.

Mgagaa Upwa:
Moja jumlisha moja jumlisha moja ni ngapi, mzee?

Jongoo Mbio:
Zidisha.

Mama Wawili:
😂😂 Hii naikopa.

Mchovu wa Ubungo:
Mods, hamisheni hawa wawili jukwaa la dini. Uzi ni wa uzoefu. Halafu Mgagaa, tuni ya huo wimbo wa taifa aliitunga mwalimu Mmethodisti wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Kesho usisimame basi.

Mgagaa Upwa:
Nasimamia bendera.

Dereva Doha:
Mimi niliamshwa ughaibuni. Tulipanga chumba kimoja na Mlebanoni. Simu ikiita, "Alhamdulillah." Akipanda gari, "Ya Allah." Miezi miwili najua ni ndugu yangu katika Uislamu, hata mswala nilimwazima. Ijumaa moja namwambia twende msikitini, ananiambia yeye anakwenda misa. Misa! Kumbe Mkristo Mmaroni, na Allah ndilo jina la Mungu kwenye Biblia yao ya Kiarabu. Akifanya ishara ya msalaba anataja Baba, Mwana na Roho, halafu anamalizia "Ilah wahid," yaani Mungu mmoja. Nilinuna siku tatu nikihisi nimetapeliwa. Siku ya nne nikamwomba radhi, maana yeye hakuwahi kunidanganya.

Mgagaa Upwa:
Neno ni moja, itikadi mbili. Usiteleze.

Mtoto wa Kihamba:
Sikutaka kuandika, ila huyo mtoto wa Kibao Kata kanigusa pabaya.

Baba alibatizwa na kupata kipaimara Machame, KKKT, kanisa la Kilutheri. Akaenda Tanga kwenye mkonge, akarudi kila Desemba, baadaye akaacha kurudi. Alipofariki ndipo tulipojua ana mke wa pili, watoto wawili, na jina la pili. Alisilimu. Kule ni Yusufu, huku ni Josephu.

Tumefika mochwari na sanduku letu, tunakuta jeneza la msikiti liko mlangoni. Mama kashika cheti cha ubatizo. Mama mdogo kashika cheti cha ndoa. Baba mkubwa anapiga kelele kwamba mtoto wa mzee wa kanisa hazikwi na kofia. Kijana mmoja wa upande wa pili akamkunja shati. Mhudumu akafunga mlango, akasema maiti haitoki mpaka mkubaliane, na chumba kinalipiwa kwa siku. Tulilala pale nje, sisi huku, wao kule. Yule mdogo wetu wa miaka sita, ambaye sikuwa namjua hadi asubuhi ile, akaja kulala juu ya mguu wangu. Ana masikio ya baba.

Asubuhi tukampigia bibi Machame, simu ikawekwa sauti kubwa. Bibi akasema, "Huyo nimemzaa mimi. Siku ile mgombani nilimwita Ruwa, Mungu wetu Wachaga, sikuona sheikh wala mchungaji. Mwosheni anavyotaka huyo mwanamke aliyemuuguza, halafu mnirudishie mwanangu."

Sheikh mmoja kijana akadai maiti haisafirishwi. Mzee wake akamwambia nyamaza. Wakamwosha, wakamkafini, wakamswalia, tukaondoka usiku.

Mama Wawili:
Nalia ofisini.

Jongoo Mbio:
Usituache hapo mkuu, mchungaji alikubali?

Kibao Kata:
Jamani, na swali langu?

Mchovu wa Ubungo:
Swali lako lishakufa, kaa chini.

Mtoto wa Kihamba:
Mchungaji alisema hawezi kuongoza ibada, baba alishatoka ushirikani. Lakini alikuja, bila joho, akasimama kwenye migomba nyuma kabisa. Kaburi lilichimbwa kuelekea kibla. Kina mama wa kwaya waliimba bila kuombwa, na hakuna aliyewakataza.

Wakili wa Mtaani:
Fundisho: andika wosia.

Jongoo Mbio:
Ukiandika watauchana. Oa wa dini yako tu.

Dereva Doha:
Kibao Kata, mwambie mtoto bibi wote wawili wanamwomba Mungu yuleyule, ila wanagombea nani anamjua zaidi.

Mgagaa Upwa:
Pole sana Mtoto wa Kihamba. Kwa kweli. Kaburi lina msalaba?

Mtoto wa Kihamba:
Asante kaka. Baba mkubwa aliagiza wa saruji. Bibi akasema uwekwe stoo, akapanda masale, mmea wetu Wachaga wa amani, pembe zote nne. Bibi naye katangulia. Msalaba bado uko stoo, kuku wanautagia.