Nimekaimishwa ukurugenzi wa taasisi ya sera za tabianchi hapa Lamu, fedha zinaninyima usingizi. Naombeni ushauri

BintiLangoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Miaka yote nasoma tu humu, leo ndiyo mara ya kwanza kufungua uzi, mnivumilie.

Nafanya kazi katika taasisi ndogo ya utafiti wa sera za tabianchi hapa Amu, mji wa Lamu. Hatupandi miti wala hatugawi majiko. Kazi yetu ni kusoma miswada, kukaa na wavuvi na wakata boriti, kisha kuandika karatasi fupi ambazo waheshimiwa wa bunge la kaunti wanaweza kuzimaliza kabla ya kuamua jambo. Tuko sita. Mwanzilishi ni mzee ambaye akibisha mlango wowote hufunguliwa. Mwezi wa pili alipata kiharusi, yuko Mombasa kwa mwanawe, anasema kwa taabu. Bodi ikanikaimisha kiti chake. Nina miaka 34.

Wafadhili walikuwa watatu. Mmoja alitupitishia fedha za Marekani, zikasimama Januari 2025 na hazikurudi. Wa pili amehamia mambo mengine. Wa tatu hulipa shughuli tu: boti, ukumbi, chai na mahamri ya semina. Kodi ya ofisi hataki kuisikia, mhasibu hataki kumsikia. Sasa amejitokeza mfadhili mpya, miaka miwili, mishahara yote ndani.

Maswali yangu ni mawili. Kaimu anaweza kusaini mkataba mkubwa namna hiyo, au asubiri mwenye kiti apone? Na nikiiomba bodi iniondolee ukaimu, nitakuwa nimemvunjia mzee heshima?

MamaWaMkomani
Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza umekwenda kumtazama? Simu haitoshi. Chukua halua, chukua na maji ya zamzam kama yapo, panda basi ukakae naye siku mbili. Mtu wa kiharusi anasikia kila kitu hata kama ulimi mzito. Baba yangu alikaa hivyo miaka mitatu, na tulipokuwa tukigombania shamba mbele yake alikuwa akitoka machozi. Hatukujua mpaka alipoanza kusema tena. Nenda mwanangu, mengine yatafuata.

Mvuvi_Kizingitini
Pole dada. Mimi habari za bodi sizijui ila nakwambia kuhusu pesa za ahadi. 2018 Mahakama Kuu Malindi ilituamulia wavuvi wa Lamu fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari. Tulishangilia hadi koo zikakauka. Mwaka mmoja, miwili, bandari ikafunguliwa Mei 2021, meli ikatia nanga, sisi bado tunajaza fomu. Mwisho tukaambiwa sehemu itakuwa taslimu na sehemu vifaa. Mimi nilipokuwa nahesabu yangu kichwani nilikwisha kopa mashine ya boti. Deni hilo limenifundisha nisiile pesa kabla haijaingia mkononi.

HesabuZaPwani
BintiLangoni, nimefanya hesabu za mashirika miaka 19, Malindi, Kilifi na huko kwenu. Kukaimu si kosa. Kama bodi imeandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba una mamlaka ya kusaini, unasaini. Kama haikuandika, hata ungekuwa mkurugenzi kamili usisaini. Na tangu Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ianze kutumika Mei 2024, bodi za kusinzia zimeanza kuamka.

Nakuelewa pia kuhusu kodi na mhasibu. Huu ni ugonjwa wa taasisi zote za sera. Mfadhili hulipia ripoti lakini halipii akili inayoiandika. Anayelipa mishahara yote bila kutaja mradi ni adimu kama kobe wa baharini mchana. Kwa hiyo nauliza: ni nani huyo, na ameandika masharti gani?

BintiLangoni
Ahsanteni. MamaWaMkomani, nitakwenda inshallah. HesabuZaPwani, ni sekta binafsi. Masharti ni ya kawaida tu.

MkulimaHindi
Dada, naandika hapa kwa sababu mimi ni wa Kwasasi. Shamba letu liko ndani ya eneo walilotaka kujenga kiwanda cha makaa ya mawe, megawati 1,050. Miaka ile tuliletewa wataalamu wa kila rangi, na kila mtaalamu alikuwa na ripoti yenye jalada zuri, picha ya jahazi mbele. Tulipouliza ripoti imelipiwa na nani, kimya. Alhamdulillahi tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Mazingira lilifuta leseni, likasema wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Benki moja ya China iliyotegemewa kutoa mkopo ikajitoa 2020. Kampuni ikakata rufaa, na 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Malindi ikaitupa. Miaka karibu kumi ya maisha yetu. Kwa hiyo ukiniambia "ya kawaida" mimi mwili unanisisimka.

HesabuZaPwani
Mkataba hauna kitu kinachoitwa "ya kawaida". Anafanya biashara gani? Jibu kwa neno moja.

BintiLangoni
Kaboni.

Sawa, naeleza. Ni kampuni inayotaka kuanzisha mradi wa mikoko katika visiwa vyetu, iuze krediti za kaboni nje, yaani vyeti vya hewa ya ukaa ambayo mikoko imeivuta, wanunuzi wavihesabu dhidi ya uchafuzi wao. Na ndiyo, kaunti imetuomba karatasi kuhusu mgao wa jamii katika miradi kama hiyo. Lakini msirukie. Mkataba unasema wazi kwamba hawatuandikii kitu. Wanachotaka ni kuona rasimu siku 21 kabla haijatoka, watoe maoni. Wafadhili wengi husoma rasimu. Na mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mtu yeyote mwenye nia na kaboni ya bahari atakuja hapa tu, sasa tufanye nini, tukatae kuongea na kila mtu? Kuna watu watano wananitegemea mimi. Mmoja mkewe amejifungua mapacha Ramadhani hii.

MjukuuWaNahodha
Fisi kapewa bucha alinde, na bado anaomba asome daftari la nyama.

Gazi_Kwetu
Jamani, kaboni si haramu. Mimi ni wa Gazi, Kwale. Mradi wetu wa Mikoko Pamoja una hekta 117 tu, na umeuza krediti tangu mwaka 2013 hivi. Maji ya bomba yamekuja kijijini, shule imepata vitabu, mwaka mmoja tulinunuliwa hadi vifaa vya hospitali. Ninachowaambia ni kwamba hela hupangwa na kijiji chenyewe, na mwenye mkoba ni mtu unayeweza kumkuta dukani ukamuuliza. Lamu mnaweza kuwa na mara mia ya hiyo. Msiogope mkoko, ogopeni kikao kinachofanyika bila nyinyi.

HesabuZaPwani
Gazi_Kwetu amesema kweli, na hapo ndipo penye uzito wote. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa 2023, na Kanuni za Soko la Kaboni zikafuata 2024. Mradi wa ardhini unatakiwa kuipa jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato. Mradi usio wa ardhini, asilimia 25. Kati ya namba hizo mbili ndimo inamokaa shule ya kijiji, zahanati, kisima. Kwa hiyo naomba uniambie, hiyo karatasi yenu inasema mikoko iko upande gani?

Mvuvi_Kizingitini
Mkoko unasimama kwenye tope. Tope ni nini kama si ardhi? Serikali yenyewe iliitangaza mikoko kuwa msitu wake tangu 1932, ndiyo maana babu yangu alihitaji kibali kukata boriti. Msitu ukiwa wa kukata unakuwa ardhi, ukiwa wa kuuza hewa unakuwa bahari?

BintiLangoni
Karatasi haijatoka bado, sitaki kuizungumzia. Swali langu lilikuwa kuhusu ukaimu.

MjukuuWaNahodha
Naona niseme wanachokifikiria wengi. Uzi huu umetungwa. Amu hii tunajuana hadi punda. Hakuna mzee mwenye taasisi ya sera aliyepata kiharusi mwezi wa pili. Ningesikia kwenye baraza la msikiti jioni ileile. Na nani mwenye akili anaandika siri ya mkataba mtandaoni? Nadhani huyu ni mtu wa kampuni, anapima upepo aone wavuvi wataliaje wakisikia 25.

MamaWaMkomani
Mwanangu na mimi niliyekuwa nikikuombea dua?

MkulimaHindi
Hata mimi nimeshtuka. Kwasasi walikuja watu namna hiyo, wanajifanya wanafunzi wa chuo, wanauliza maswali, kesho yake maneno yetu yako kwenye ripoti ya kampuni.

HesabuZaPwani
Tusimhukumu. Lakini BintiLangoni, ukinyamaza sasa uzi huu utafungwa kama nyingine.

BintiLangoni
Sijanyamaza, nilikuwa nalia, na nimeona aibu kuandika nikilia.

MjukuuWaNahodha, umesema kweli kwamba ungesikia. Nimebadilisha mwezi na ugonjwa ili mzee asijulikane, na hilo mnisamehe. Mengine yote ni kweli. Mzee ni ami yangu, ndugu wa baba. Ndiye aliyenilea.

Sasa nitaandika lile nililolikwepa. Mkataba nimekwisha usaini, wiki tano zilizopita. Fungu la kwanza limeingia na mishahara ya miezi miwili imelipwa humo. Nilipokuja hapa kuuliza kama naweza kusaini, nilitaka tu mtu aniambie ndiyo.

Rasimu ya karatasi iko mbele yangu hapa ofisini. Ni nyumba ya zamani, juu dari ni boriti tupu, na nyinyi wa Amu mnajua vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, fundi alijenga kadiri mti ulivyompa. Ami aliisahihisha rasimu kabla hajalala kitandani. Anatumia kalamu ya risasi, huichonga kwa kisu, na maandishi yake hukandamiza hadi ukurasa wa pili. Pembeni ya aya ya mgao ameandika "40. Usishuke." Amepiga mstari mara mbili.

Kampuni iliporudisha maoni yake, haikuandika 25. Iliandika tu kwamba pengine ni mapema mno kutaja namba, na kwamba tuseme "kiwango kitakachokubaliwa na pande husika". Niliona ni neno la busara. Nikalibadilisha kwenye kompyuta. Ile ya karatasi sikuigusa, lakini nikigeuza ukurasa naona alama ya kalamu yake imetokeza upande wa pili, kwenye weupe.

HesabuZaPwani
Ahsante kwa kusema.

"Kiwango kitakachokubaliwa" maana yake, dada, ni kwamba kampuni itakuja na mawakili na kijiji kitakuja na mzee wa mtaa. Kazi ya taasisi yako ilikuwa kuwaambia waheshimiwa kwamba chini yao kuna sakafu, sheria imeiweka, wasiivunje. Umeiondoa.

Sasa ya kufanya. Itisha bodi wiki hii, si mwezi ujao. Waambie kila kitu, pamoja na tarehe ya kusaini. Omba kifungu cha siku 21 kifutwe. Kampuni ikikataa, mkataba usitishwe na mkubaliane namna ya kurudisha kilicholiwa, hata kwa mafungu. Mishahara miwili si mlima. Kisha rudisha 40 kwenye karatasi, na kwenye jalada andikeni kwa herufi kubwa nani amelipa nini. Kumbuka Septemba 2023, mkutano wa tabianchi wa Afrika Nairobi: mamia ya asasi zilimwandikia Rais barua zikilalamika kwamba kampuni ya ushauri ya McKinsey imeshika usukani wa ajenda. Watu walitaka kwanza kujua sauti wanayoisikia ni ya nani.

BintiLangoni
Na wale watano? Nikivunja mkataba, mishahara ya mwezi wa tatu hakuna. Nyote mnasema vizuri lakini hakuna aliyejibu hilo. Na Ami hana wa kumrithi kazi hii ila mimi. Taasisi ikifa mikononi mwangu itasemwa binti wa fulani ndiye aliyeiua.

Gazi_Kwetu
Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement 1977, akafariki 2011, na shirika lipo hadi leo. Mwanzilishi akiondoka taasisi hubaki kama watu wanaamini neno lake. Nakuhurumia kwa mishahara, kweli nakuhurumia. Waite hao watano uwaambie wenyewe. Huenda wakachagua nusu mshahara. Usiwachagulie.

MzeeMkunguni
Mwanangu, mimi sina elimu ya karatasi. Mai yameshamwaika. Sasa tazama yameloesha nani, uende kwao kabla hawayaya kwako. Mui huu hauna siri.

Mvuvi_Kizingitini
Dada, nilikasirika ila sasa hasira imenitoka. Jumamosi boti yangu inaleta kamba Amu, nitafika kabla ya adhuhuri. Nitakuja na wenzangu wawili wa BMU, kile kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufuo, na mama mmoja wa Matondoni ambaye mumewe alikata boriti hadi marufuku ya 2018 ikamkata yeye. Utusomee hiyo aya, kwanza ya kalamu, halafu ya kompyuta. Polepole, tuielewe. Ndipo ukaiite hiyo bodi.

BintiLangoni
Nimekutumia mahali kwa faragha. Ngazi ni za zamani na zina kiza, mama ashike kamba ya ukutani. Nitawaambia na wenzangu watano wawepo. Jumapili nitapanda basi kwenda kwa Ami, na rasimu nitakwenda nayo.

MjukuuWaNahodha
Nitumie na mimi. Nikikuta mlango umefungwa nitarudi hapa kusema. Nikikuta uko wazi nitakaa nisikilize.

BintiLangoni
Nimekutumia.