Nukta nundu, maandishi makubwa au sauti: mtoto ambaye macho yanapungua aanze na kipi?

Mama_Sabra
Habari zenu wanajukwaa. Nina binti wa miaka 10, anasoma shule ya kawaida yenye kitengo cha wasioona na wenye uoni hafifu. Macho yake yanapungua, na daktari ametuambia wazi kwamba hayatarudi kama zamani. Shule imetupa njia tatu: akuziwe maandishi, afundishwe nukta nundu (maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole), au atumie kompyuta inayomsomea kwa sauti. Kila ninayemuuliza ana jibu lake, na wengi wanajibu kwa huruma tu, hawajayapitia. Mchana anasoma kitabu cha kawaida, polepole lakini anasoma. Giza likianza kuingia anajigonga milangoni, na kifutio kikiwa pembeni ya dawati anakipapasa mpaka akipate. Naomba mniambie kila njia inampa nini na inamnyima nini. Kwamba kila mtoto ana hali yake nimeshaambiwa vya kutosha.

Baba_Wawili
Pole dada, na hongera kwa kuuliza mapema. Sisi tulichagua maandishi makubwa na sijutii. Mwanangu ana ualbino. Ila usikubali njia ya mkato ya kutoa fotokopi kutoka A4 kwenda A3. Inakuza mara 1.4 tu, kwa hiyo herufi za ukubwa wa 12 zinafika kama 17 hivi. Halafu karatasi inaning'inia nje ya dawati, michoro iliyofifia inabaki imefifia, na mtoto anazungusha kichwa kila mstari. Tulimwomba mwalimu achape upya kwa 18, herufi nyoofu zisizo na madoido, mistari ikiachana. Tukatafuta ubao wa kuegemezea kitabu ili asiiname, kalamu nyeusi ya wino mzito badala ya penseli, na kiti ambacho hakielekei dirishani. Akisogeza kitabu mpaka puani, mwache. Hilo haliharibu macho, ndivyo anavyojikuzia herufi mwenyewe.

Mwl_Uoni
Baba Wawili amesema vizuri kwa mtoto wake, lakini Mama Sabra usikimbilie kufuata. Kilichonishtua ni hayo ya giza na kifutio. Mtoto anayejigonga jioni na kupapasa vya pembeni, huku mchana anasoma, mara nyingi uoni wake unapungua kuanzia pembezoni na katikati panabaki. Anatazama kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Ukimkuzia herufi, zinazoingia kwenye mwanzi zinapungua: badala ya neno zima anapata silabi, na mwanzo wa mstari unaofuata haupati kabisa. Yule mwenye ukungu katikati ya jicho, kukuziwa kunamsaidia kweli. Wote wawili tunawaita "uoni hafifu", na ndiyo maana ushauri wa mzazi mmoja unaweza kumpoteza mwingine.

Muulize daktari hivi: kinachopungua ni ukali wa kuona au upana wake? Na nyumbani fanya jaribio. Chapa aya tatu zenye ugumu sawa, moja kwa 12, moja kwa 18, moja kwa 24. Kila aya aisome kwa sauti dakika moja, wewe hesabu maneno. Rudieni akishasoma nusu saa mfululizo. Kasi ya dakika ya kwanza haikuambii atakuwaje kwenye saa ya pili ya mtihani.

Mama_Sabra
Mwalimu, tumefanya. 12 na 18 hazikupishana sana. Kwa 24 alikuwa mzito, akawa anapoteza mstari na kuuwekea kidole. Baada ya nusu saa macho yalimtoka machozi na maneno yakapungua sana kwa ukubwa wowote. Daktari naye amesema ni upana. Je, twende kwenye sauti moja kwa moja? Kusikiliza anapenda.

Sauti_Mbele
Mimi nasema ndiyo. Uoni ulinitoka nikiwa sekondari, na programu ya kusoma skrini ndiyo iliyonivusha. NVDA ni ya bure, ipo tangu 2006, inafanya kazi kwenye Windows, na sauti yake ya eSpeak inasoma hata Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya mashine. Sikio likizoea, unasikiliza kwa kasi ambayo mgeni haambulii neno. Kwa historia, fasihi, taarifa ndefu, sijaona cha kuishinda. Nukta nundu zina mzigo wake: mashine ya Perkins ya kuziandikia inakaribia kilo 5, kitabu kimoja cha kiada kinageuka majuzuu kadhaa, na mara nyingi juzuu unalolitaka ndilo halijachapwa. Nimehitimu bila hizo nukta. Angalizo moja: darasani aweke spika sikio moja tu, la pili abaki nalo kwa mwalimu.

Kidole_Chepesi
Ndugu yangu Sauti, wewe ulijifunza kuandika kwa macho kwanza. Ulipoanza kusikiliza ulikuwa unajua tayari neno linaandikwaje, koma inakaa wapi, aya mpya inaanzaje. Sabra ana miaka 10, hayo yote bado anayajenga. Anayesikiliza tu, hata akisikia hadithi mia, hajui "ng'ombe" lina alama gani katikati.

Mimi sijaona tangu kuzaliwa. Kazini nasikiliza kutwa, sina ugomvi na sauti. Lakini nikihutubia, muhtasari uko chini ya vidole vyangu, maana huwezi kuzungumza na watu huku mashine inakusemea sikioni. Nikitaka kuhakiki tahajia ya jina la mtu, ni vidole.

Halafu kuna kuandika. Shule ya wasioona ya Valentin Haüy kule Paris, iliyoanza miaka ya 1780, ilitumia herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Zilisomeka kwa taabu, na mwanafunzi hakuweza kujiandikia chochote. Louis Braille alisoma shule hiyo hiyo, akachapisha mfumo wake wa nukta nundu 1829 akiwa na miaka 20, na kuanzia hapo asiyeona akaweza kuandika na kujisomea alichoandika. Kwa sleti (fremu yenye vidirisha inayobana karatasi) na kalamu ya kutobolea, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi unasoma kutoka kushoto. Haihitaji umeme wala chaji.

Kuhusu uhaba wa vitabu uko sahihi, na unaniuma mimi pia. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 umefungua mlango: nchi zilizojiunga zinaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa bila kumwomba mwenye haki kibali, na nakala kuvuka mipaka. Shule nyingi hazijui hata kuulizia.

Mwl_Hesabu
Naongezea upande wangu tu. Kompyuta ikisema "tatu gawanya kwa x jumlisha mbili", ni 3/(x+2) au ni 3/x kisha ujumlishe 2? Anayeuona ukurasa anajua. Anayesikia anakisia, na akikosea tunasema hesabu hazijui. Majedwali vivyo hivyo: ukifika safu ya nne sauti imeshakusahaulisha vichwa vya safu. Vidole vinarudi juu, vinahakiki, vinashuka. Kwa kukokotoa, tafuteni abakasi ya Cranmer, fremu ya shanga za kuhesabia, ile yenye kitambaa nyuma ya shanga ili zisiteleze zikiguswa. Grafu tengenezeni kwa uzi na gundi kwenye karatasi ngumu. Ondoeni mapambo yote, mistari iachane kiasi ambacho kidole kinaitofautisha.

Sauti_Mbele
Kwenye hesabu sina ubishi, lilikuwa somo gumu kuliko yote kwangu kwa sababu hizo hizo. Nisichotaka ni mama aondoke hapa akidhani mtoto asiyejua nukta hataelimika.

Mwl_Uoni
Hakuna aliyesema hivyo, na hakuna anayelazimika kuchagua njia moja akaitupa nyingine. Mama Sabra, kwa uliyoleta ningegawa kwa kazi. Macho yafanye mambo mafupi: picha, vichwa vya habari, maswali ya mistari michache, kwa ukubwa wa 14 hadi 18, wino mweusi, na kadi nyeusi yenye dirisha la mstari mmoja ili asipotee. Sauti ichukue usomaji mrefu kuanzia sasa, kabla machozi hayajaanza. Nukta nundu zianze muhula huu, kila siku kidogo, wakati hajachoka. Zikisubiri mpaka macho yagome, atakuwa anajifunza alfabeti huku wenzake wanasoma vitabu, na hapo ndipo wengi huachwa nyuma.

Mkianza, mikono na karatasi viwe chini ya kitambaa. Mtoto mwenye macho kidogo huzisoma nukta kwa kuangalia vivuli vyake, mwalimu anadhani kazi inakwenda, kumbe vidole havijajifunza kitu. Agusie tu bila kukandamiza. Mkono mmoja usome, wa pili utangulie kutafuta mstari unaofuata. Na njia yoyote anayotarajiwa kuitumia kwenye mtihani, aitumie darasani kila siku. Andikeni hilo kwenye mpango wake wa kujifunza, mwalimu mkuu atie sahihi.

Mama_Sabra
Asanteni sana, jamani. Limebaki moja, na ndilo zito. Hataki. Anasema nukta ni za wasioona na yeye anaona. Jana ameificha ile karatasi ya mazoezi chini ya godoro.

Kidole_Chepesi
Usimbishie dada, kweli anaona. Mwambie hivyo hivyo: unaona, na hizi ni za wakati macho yamechoka na wakati wa giza. Jioni ndipo anapoteseka, basi hapo ndipo nukta zitamfaa kwanza. Mwandikieni sentensi moja ya siri kila siku, aisome taa ikiwa imezimwa. Karata za kuchezea zitieni nukta kwenye kona. Mwalimu afundishe darasa zima kuandika majina yao. Watoto wanaipenda kwa sababu ni kama msimbo, na Sabra atakuwa ndiye anayewasahihisha.

Alfabeti yenyewe haina mengi ya kukariri. Kila herufi ina nafasi sita za nukta: 1, 2, 3 kushoto kutoka juu kwenda chini, na 4, 5, 6 kulia. Kutoka a hadi j zinatumika nukta nne za juu tu. Kutoka k hadi t ni zile zile kumi, umeongeza nukta ya 3. Kwa u, v, x, y, z unaongeza na ya 6. Herufi w iko nje ya mpangilio kwa sababu Kifaransa cha wakati ule kilikuwa hakiihitaji. Tarakimu ni a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba. Jifunze na wewe, kwa macho. Mzazi anayeona huzishika haraka, na Sabra akikuona unakwama kwenye r, atakuonyesha mwenyewe.

Mama_Sabra
Naanza na karata. Mwalimu wa kitengo amekubali kuzitoboa kesho.